Kisanduku Bila Jina: Tulivyoandika Uso wa Mashine ya Sauti kwa Mkono wa Hina



Mmezoea tuwaletee habari za singo, udi na namna ya kukausha hina isichubuke. Leo tunazungumzia aluminiamu, msasa na rangi ya kupuliza. Msishangae. Habari hii imeanzia chumbani kwa bibi harusi, na imerudi kuishia humo humo.

Sisi ni watatu. Wawili tumezaliwa tumbo moja Unguja, tukaolewa Mwanza. Wa tatu ni wifi yetu, mzaliwa wa Ukerewe, naye ni mtoto wa kisiwani kama sisi, ila kisiwa chake kimezungukwa na maji yasiyo na chumvi. Tunapaka hina na kupamba maharusi katika chumba kimoja Kirumba. Mdogo wetu wa kiume ni fundi redio, na kwa miaka miwili alikuwa anahangaika na kisanduku chake.

Kisanduku hicho ni sinthesaiza. Kwa lugha nyepesi, ni mashine inayotengeneza sauti yenyewe kwa umeme, bila waya wa gitaa wala ngozi ya ngoma. Ndani yake kuna saketi inayotikisa umeme haraka haraka mpaka ukifika kwenye spika unakuwa mlio. Chujio linapunguza ukali wa mlio huo, na saketi nyingine inaamua ufifie upesi au taratibu. Mdogo wetu alikifanya kipige mapigo yanayokaribia dufu, akaongeza na mahali pa kuchomeka maiki.

Fikra hiyo aliipata kwa jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Kampala yuko Mganda anayeitwa Brian Bamanya, maarufu kwa jina la Afrorack. Mashine za namna hii zinauzwa ghali mno huko nje, basi yeye akajitengenezea zake. Mwaka 2022 albamu yake yenye jina hilo hilo la Afrorack ilitoka kupitia lebo ya Hakuna Kulala. Mdogo wetu alipomsikia, alisema, "Kama mtu wa ziwa hili hili ameweza, mimi nashindwa nini?"

Kabla hatujaenda mbali, tuseme hili. Suala la ala za muziki wanazuoni wamelijadili sana na wametofautiana. Wapo wanaoishia kwenye dufu tu, na wapo wenye nafasi pana zaidi. Sisi hatutoi fatwa. Kila nyumba imuulize mwalimu wake, na hata sisi tunapokwenda kupamba tunauliza kwanza wenye nyumba wanaridhia nini. Wapo wanaotumia kisanduku chetu kwa maiki ya kaswida na dua peke yake.

Usiku ulioharibika

Ilikuwa usiku wa hina wa binti wa jirani yetu. Nyumba nzima wanawake watupu, mapazia yameshushwa, simu zote zimewekwa kwenye beseni mlangoni. Mitandio ilikuwa imevuliwa na watu wamekaa kwa raha zao. Bibi harusi alikuwa ameachia nywele, mikono yote miwili ina hina mbichi mpaka kwenye viwiko. Mdogo wetu alikuwa ameshafunga kisanduku mapema, akatuonyesha kidogo, kisha akatoka kwenda kukaa barazani na wanaume.

Bibi mmoja, somo wa bibi harusi, alishika maiki aombe dua. Sauti yake ni ya mtu mzima, ndogo, haifiki nyuma. Shangazi mmoja akaona bora aongeze maiki. Akanyoosha mkono, akazungusha kifundo alichodhani ndicho. Kumbe ni kile kinachoirudisha sauti ndani ya chujio mpaka linapiga mluzi lenyewe. Jamani! Kilitoka kilio cha kuchoma masikio. Watoto waliolala wakaamka wakilia. Mmoja akakimbilia kupunguza, akazungusha kifundo cha kasi, mapigo yakawa kama mvua ya mawe juu ya bati. Mwingine akagusa besi, vikombe vikaanza kutetemeka kwenye sinia.

Barazani mdogo wetu alidhani kisanduku kinaungua. Alikimbia, akapiga hodi huku mkono wake umeshasukuma mlango.

Mlango ulifunguka shibri moja tu, naye akageuza uso papo hapo. Lakini ndani ilikuwa fujo. Wanawake arobaini wanatafuta mitandio. Wengine wamejificha nyuma ya makochi. Bibi harusi hakuweza hata kujifunika, maana mikono yake ilikuwa imejaa hina. Mama yake akamrushia kanga kichwani, na kanga hiyo ikafuta kazi ya saa tatu. Alilia yule mtoto. Tulipomwambia hina tutairudia, alijibu, "Siyo hina. Usiku huu ndio uliokuwa wangu."

Hina tuliirudia bure mpaka alfajiri. Mama wa bibi harusi alituambia kwa upole, lakini alitwambia, kwamba kile kisanduku kisiingie tena katika nyumba ya watu.

Asubuhi tulimkuta mdogo wetu ameshika bisibisi, anataka kukifungua chote. Tukamzuia. Tulikitazama kwa mara ya kwanza kwa macho ya mtu asiyekijua: bamba la aluminiamu tupu, vifundo vinane vyeusi vinavyofanana, matundu manne, taa moja nyekundu. Hakuna herufi hata moja. Wifi yetu akamuuliza, "Utajuaje kipi ni kipi?" Akashangaa swali lenyewe. "Maiki ni cha tatu kutoka kushoto. Si nimewaambia?"

Hapo ndipo tulipoelewa. Aliyekitengeneza kitu haoni kwamba kimekosa jina, kwa sababu jina liko kichwani mwake. Kitu kisichoandikwa kitabaki kuwa cha fundi hata kama amekigawa, kwa sababu kila kikisumbua lazima aitwe yeye. Na kwetu sisi, kumwita yeye maana yake ni mwanamume kufungua mlango wa wanawake. Sisi ni watu wa kanga, tunajua kanga haijakamilika bila jina lake. Hata milango ya zamani ya Mji Mkongwe, mingi ina maandishi na mwaka juu yake. Vipi mashine iingie chumbani kwa bibi harusi ikiwa bubu?

Tukamwambia, "Wewe umemaliza ndani. Uso tuachie sisi."

Kwanza tulitafuta majina

Tulikaa kwenye mkeka na buli la chai, karatasi na penseli. Majina aliyokuwa nayo yeye yalikuwa ya Kizungu, ya kwenye vitabu vya mafundi. Tukawa tunamwambia, "Zungusha hicho tusikie," halafu tunaulizana sauti imefanya nini. Tulichokisikia ndicho tulichokiandika: MAIKI, SAUTI, KASI, BESI, CHUJIO, KUFIFIA, MWANGWI. Na kile kilichotutia aibu tukakiita MLUZI. Mtu akisoma neno hilo hahitaji kuelezwa zaidi.

Tulijifunza jambo jingine hapo kwenye karatasi. Neno likae juu ya kifundo, si chini yake, kwa sababu mkono unaokuja kuzungusha hufunika kilicho chini. Herufi ziwe kubwa, kwetu tulianzia milimita 5, maana usiku wa hina taa huwa hafifu na wenye kushika mashine si vijana peke yao. Na rangi zitofautiane kabisa, nyeupe juu ya nyeusi au nyeusi juu ya nyeupe. Dhahabu juu ya fedha inapendeza kwenye nguo ya harusi, kwenye bamba haisomeki.

Kisha tulisafisha bamba

Aluminiamu tuliipata kwa fundi wa madirisha, katika vipande vinavyobaki akishakata. Ukimkuta na roho nzuri anakupa kwa bei ya chai na maandazi. Mwanza si mji wa kukosa chuma chakavu. Makoroboi penyewe pamepewa jina kwa sababu ya koroboi, taa za mafuta ya taa zinazotengenezwa kwa makopo. Mji huu umezoea kukifanya kilichotupwa kiwe taa.

Mdogo wetu alifuata vipimo ambavyo kampuni ya Doepfer ya Ujerumani iliviweka mwaka 1996, na ambavyo mafundi wengi duniani wanavifuata hadi leo: bamba lina kimo cha milimita 128.5, upana wake unahesabiwa kwa vipande vya milimita 5.08, na waya zinachomekwa kwa plagi ya milimita 3.5, ukubwa ule ule wa plagi ya spika za masikioni. Faida yake tuliiona baadaye. Bamba likiharibika unakata jingine la kipimo hicho hicho, ya ndani huyagusi. Na sisi tuliharibu mengi.

Utaratibu ni huu, na msiurukeruke kama tulivyofanya sisi. Toboa kwanza matundu yote. Kingo za matundu zipitishie tupa mpaka kidole kisikwaruzike, maana bamba letu la kwanza lilishawahi kuchana buibui la mtu. Kisha piga msasa wa namba 400, kwa mwelekeo mmoja tu, kama unavyochana nywele. Ukizungusha zungusha utaacha michirizi ya ovyo. Osha kwa sabuni ya vyombo, kausha, pangusa kwa spiriti, na kuanzia hapo usiliguse kwa vidole vitupu, kwa sababu mafuta ya ngozi hufukuza rangi. Tulimaliza kuandika bamba moja vizuri kabisa kabla ya kutoboa. Keekee ilipopita, neno MWANGWI likabaki NGWI.

Makapeni na vanishi

Njia ya kwanza ilikuwa rahisi. Tuliandika kwa makapeni isiyofutika, wifi yetu ana mwandiko mzuri wa skuli, kisha tukapuliza vanishi angavu ili kulinda. Dakika mbili baadaye maandishi yalikuwa yanachuruzika kama wanja wa bibi harusi aliyelia. Sababu ni kwamba wino ule unayeyuka kwa dawa zile zile zilizomo kwenye vanishi. Ukitaka kutumia njia hii, tumia vanishi ya maji. Kama huna budi kupuliza, puliza ukungu mwepesi mno kutoka mbali, acha ukauke kabisa, rudia, na tabaka nzito lije mwishoni. Kwanza jaribu kwenye kipande kisicho na kazi.

Karatasi chini ya plastiki

Hii ndiyo njia tunayompendekezea mtu asiye na mkono wa kuchora. Majina na duara za vifundo unavipanga kwenye kompyuta, steshenari wanakuchapishia na kukulaminetia. Unakata matundu kwa kisu kikali, unalaza karatasi juu ya bamba, na nati za vifundo zenyewe ndizo zinazoibana. Hakuna gundi, hakuna kungoja rangi ikauke, na ukikosea neno unachapisha jingine. Udhaifu wake ni unyevu. Kila ukikata tundu umefungua mlango wa maji kuingia kwenye karatasi. Mwanza kuna ziwa, na harusini kuna sharbati. Pakeni vanishi ya maji kwenye kingo za kila tundu kabla ya kufunga.

Pasi ya nguo

Hapa tulicheka mpaka machozi. Wino wa printa ya leza ni unga wa plastiki unaoyeyuka kwa joto. Kwa hiyo unachapisha kwenye karatasi laini ya gazeti la rangi, unalaza uso wake kwenye bamba lililopigwa msasa, unapiga pasi kavu isiyo na mvuke kwa dakika kadhaa, kisha unatia bamba kwenye beseni la maji. Karatasi ikilowa unaisugua kwa kidole taratibu, herufi zinabaki kwenye chuma. Printa ya wino wa maji haifai kwa kazi hii.

Ila lazima uchapishe kinyume, kama kwenye kioo. Sisi tulisahau. Bamba lilitoka zuri ajabu, na neno SAUTI likawa linasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zenyewe zimegeuka. Mara ya pili tulikumbuka kugeuza, lakini pasi haikufika vizuri pembeni na BESI ikabaki nusu. Mara ya tatu likatoka sawa. Njia hii inahitaji subira, na inampa mtu herufi nyembamba ambazo mkono hauwezi.

Stika na rangi ya kucha

Wale vijana wanaokata stika za kubandika kwenye daladala na bajaji wana mashine inayokata herufi za aina yoyote. Ukiwaambia watumie vipande vilivyobaki, gharama inashuka sana. Stika zao zimetengenezwa kwa jua na mvua, zinadumu. Hawapendi tu kukata herufi ndogo, maana zinawavunjikia, kwa hiyo zinafaa kwa jina kubwa la mashine kuliko kwa vifundo.

Na rangi ya kucha! Wengi wetu tunazo chupa zimelala kabatini kwa sababu ya udhu. Zimepata kazi. Nukta moja nyeupe juu ya kifundo inakuonyesha kimeelekea wapi. Nukta nyekundu kwenye bamba inakuonyesha pa kuishia. Inakauka upesi na inashika kwenye chuma. Ila msiiweke juu ya plastiki angavu wala juu ya maandishi yaliyopigwa pasi, kwa sababu dawa iliyomo inayeyusha vitu hivyo.

Mkono wa hina

Baada ya yote hayo tulirudi kwenye tunachokijua. Kwanza, kwa ujinga wetu, tulijaribu hina yenyewe. Ilikauka ikadondoka kama tope. Hina hushika ngozi, kucha na nywele kwa sababu rangi yake huungana na protini iliyomo humo, na chuma hakina kitu hicho. Lakini koni ya hina ni chombo tu. Hainung'uniki ukiitia kitu kingine.

Bamba tulilipuliza rangi nyeusi isiyong'aa, tabaka tatu nyepesi. La kwanza tulilitoa nje jioni likauke. Tulikuwa tumesahau habari ya wadudu wa ziwani, wale vimbu wadogo wanaoinuka juu ya maji kama moshi. Asubuhi bamba lilikuwa na manyoya. Tukapiga msasa upya, tukapuliza upya mchana uwani, uso umefungwa kitambaa, wifi yetu mjamzito tukamweka mbali na moshi wa rangi. Kisha tukalifunika kwa boksi lililoinuliwa kidogo ili hewa ipite.

Siku ya pili tulichukua rangi nzito ya akriliki, ile ya maji inayouzwa kwenye vijibomba, nyeupe. Tukaitia kwenye koni ya plastiki, tukakata ncha ndogo kama ya kuchorea maua ya vidole. Kwa penseli ya kuchorea tulipitisha mistari hafifu ili maneno yasipande mlima. Tukaandika. Mkono ule ule, pumzi ile ile unayoibana ukifika kwenye kona. Ukikosea, unafuta kwa pamba yenye maji kabla rangi haijakauka na hakuna madhara. Kuzunguka kila kifundo tulichora nukta, ndogo kushoto, zinakua kadiri zinavyoelekea kulia, ili mtu ajue upande wa kuongeza bila kusoma. Pembeni tukapitisha tawi la mauwa, moja tu. Wifi yetu alitaka manne, tukamkumbusha kuwa bamba si mguu.

Kifundo cha MLUZI tulikizungushia duara nene, na mwisho wake tukaweka kijiti cha rangi ya kucha nyekundu.

Ilipokauka tuligundua faida ambayo hatukuikusudia. Rangi ya koni inasimama juu ya bamba. Ukipitisha kidole unayahisi maneno. Tukafumba macho mmoja mmoja, tukawa tunatafuta MAIKI kwa kupapasa, na kila mmoja aliipata. Tukamalizia kwa vanishi ya maji, tabaka mbili, tukamwachia mdogo wetu afunge nati. Tulimkumbusha pia waya wa ardhi aukaze tena kwenye bamba, kwa sababu chuma kinachoshikwa na watu wenye mikono mibichi hakichezewi.

Gharama yote? Tuseme tu haikufika bei ya hina na piko ya bibi harusi mmoja. Kilichotugharimu ni siku tisa na mabamba manne.

Mkono wa mwanamke si mgeni hapa

Tulipokuwa tunachora, mdogo wetu alitupa habari iliyotufurahisha. Uingereza alikuwepo mwanamke anayeitwa Daphne Oram. Mwaka 1958 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa karakana ya sauti ya BBC, mwaka uliofuata akaondoka akaendelea na mashine yake mwenyewe. Mashine hiyo aliiita Oramics, na sauti zake zilitokana na michoro aliyoichora kwa mkono kwenye filamu ya milimita 35. Yaani alichora, na mchoro ukalia. Tukatazamana na koni zetu mikononi.

Tumefikiria sana pia neno ihsani. Tunalitumia kwenye ibada na kwenye wema kwa watu, lakini linaingia hata kwenye kazi ya mikono, kufanya jambo vizuri mpaka mwisho wake. Mdogo wetu alikuwa amefanya vizuri mpaka pale panapomhusu yeye. Kilichobaki kilikuwa kumfikiria mtu ambaye hatakuwepo kumweleza. Kuandika jina juu ya kifundo ni kumkabidhi mtu amana na kumwachia njia. Tulidhani tunapamba, kumbe tunakabidhi.

Usiku wa pili

Tulikwenda kwa mama wa yule bibi harusi. Hatukuwa na haki ya kumwomba chochote. Tulimwonyesha tu. Alipitisha kidole juu ya maneno, akasoma kwa sauti moja moja kama mtoto wa chuo: maiki, sauti, kasi. Alipofika kwenye MLUZI akacheka mpaka akashika ubavu. Binti yake wa pili alikuwa anaolewa baada ya miezi mitano. Akasema, "Basi kileteni. Lakini fundi akae mbali."

Usiku huo fundi alikaa mbali. Alikuwa ameshapata kazi Dar es Salaam na alibakiza wiki moja aondoke. Alikaa barazani na birika la kahawa na wazee. Ndani, yule bibi somo alishika maiki tena. Ndogo ile ile sauti yake. Safari hii hakusubiri shangazi. Macho yake hayaoni vizuri usiku, basi aliweka kidole kwenye bamba, akapapasa herufi, akafika, akazungusha mwenyewe. Dua ikasikika mpaka jikoni. Bibi harusi alikuwa amekaa kwenye mkeka, nywele chini, mikono imejaa hina, hajui hata kwamba kuna kilichoepukwa. Dada yake mkubwa alikuwa amekaa karibu yake. Yeye alijua. Alitutazama tu.

Tulipotoka alfajiri tulimkuta mdogo wetu bado yuko macho, kahawa imemwishia.

"Hamkuniita," alisema.

"Hatukukuhitaji," tukamjibu.

Alinyamaza kidogo, kama aliyepoteza kitu, halafu akatabasamu. Kisanduku alikiacha kwetu alipoondoka, na hatujampigia simu kukiulizia hata mara moja.

Dada zetu, nyumbani kwenu huenda hakuna sinthesaiza, lakini kuna kitu ambacho kila kikisumbua lazima mtu fulani aitwe. Kiandikeni. Mwenyezi Mungu azitie baraka ndoa zenu, azisitiri nyumba zenu, na atujaalie tunachokianza tukimalize kwa uzuri. Amin.